Usiguse, Inafanya Kazi

Mkuu Guk alikuwa ameshaiandika barua ya kukiri kosa kabla ya mtu yeyote kujua kosa lenyewe ni lipi. Aliichapa Jumatatu asubuhi, ukurasa mmoja uliopangwa vizuri, akamwekea Se-rin mezani pamoja na karatasi nyeupe na kalamu nyeusi. Kwetu barua ya namna hiyo haipokelewi ikiwa imechapwa. Mkosaji huinakili kwa mkono wake mwenyewe, neno kwa neno, ndipo atie sahihi.

"Nakili polepole, usikosee herufi," alimwambia. "Mwenyekiti Eo anafika saa tisa. Aikute tayari."

Mo Se-rin alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na kipindi chake cha majaribio kilikuwa kimebakiza siku nne. Barua ile ingeingia katika faili lake, asingeajiriwa. Mkuu alilijua hilo, mimi nililijua, na yeye mwenyewe alilijua zaidi yetu sote. Hata hivyo alisema, "Ndiyo, Mkuu," akaivuta karatasi karibu na kuanza.

Tovuti iliyotuletea balaa ni ya ushirika wa Mwenyekiti Eo, ambao kazi yake ni kufyeka makaburi. Watu waliohamia Seoul hawapati nafasi ya kurudi kukata nyasi kwenye makaburi ya wazee wao kabla ya sikukuu ya mavuno, kwa hiyo huingia kwenye tovuti, huchagua kaburi, huchagua siku, na vijana wa ushirika hupanda mlimani na mashine zao. Se-rin alikuwa ameongeza sehemu mpya: picha ya kaburi kabla ya kufyekwa na picha nyingine baada ya kazi, ili mwenye marehemu aone kwa macho yake. Aliipandisha mtandaoni Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi ukurasa wa kuchagua siku ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Ulichukua sekunde ishirini na tatu kufunguka, na wengine haukuwafungukia kabisa. Jumamosi na Jumapili simu za ushirika zililia mpaka mke wa Mwenyekiti akachomoa waya ukutani.

"Alhamisi picha, Ijumaa uzito," alisema Mkuu Guk akiwa amesimama katikati ya ofisi. "Hata mtoto wa chekechea anajua kujumlisha."

Nilikuwa nimeketi meza ya pili kutoka dirishani. Nje nyenje walikuwa wakipiga kelele kwa joto, ndani kiyoyozi kilikuwa kikidondosha maji kwenye ndoo, na mimi, Tak Yeong-ju, mwenye miaka kumi na minne katika ofisi hiyo, nilikuwa nimekasirika kiasi cha kushindwa kusoma skrini yangu.

"Mkuu, umepima?" niliuliza.

"Nipime nini?"

"Huo ukurasa unapotezea wapi muda wake."

"Bi Tak, nyumba ikiwaka moto hatutafuti kipimajoto."

"Wala hatumfungi jirani wa kwanza tunayemwona na ndoo."

Alinitazama, kisha akatazama saa yake. Mkuu Guk hakuwa mtu wa kelele. Hasira yake ilikuwa katika kupanga vitu, na wakati huo alianza kuzipanga kalamu zilizokuwa kwenye kikombe changu.

"Una mpaka saa tisa," alisema. "Pima upendavyo. Lakini binti aendelee kunakili."

Alipotoka, nilivuta kiti changu hadi mezani kwa Se-rin.

"Weka kalamu chini."

"Mkuu kasema niendelee."

"Nimemsikia. Umefika wapi?"

"Kwenye 'kwa uzembe wangu'."

Hakunitazama aliposema hivyo. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama miche ya mpunga.

"Unacho kile kipima mwendo cha programu?" nilimwuliza. "Kile kinachoendeshwa kwa amri."

"Ninacho, dada. Nilikiweka kwenye kompyuta yangu mwezi nilioanza kazi. Nikakatazwa kukitumia."

"Na nani?"

Alivuta kibodi karibu. Nilidhani ni Mkuu Guk, na hasira yangu ikapanda daraja nyingine.

Se-rin alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika mstari mmoja, akabonyeza. Kipima mwendo hakina picha wala rangi, na wakubwa wengi hawakipendi kwa sababu hiyo. Kazi yake ni moja: hukaa nyuma ya programu kama mwamuzi mwenye saa mkononi, na kila kipande cha programu kinapoitwa kufanya kazi, huandika kimeitwa mara ngapi na kimekula muda gani. Mwishoni hutoa jedwali, na aliyekula zaidi hukaa juu kabisa. Hakijui cheo cha mtu wala siku zake za majaribio.

Tuliufungua ukurasa wa bonde moja lenye makaburi mia mbili na kumi na mawili, tukasubiri zile sekunde ishirini na tatu. Kisha jedwali likashuka.

"Tafuta picha," nilisema.

Alipitisha kidole kwenye skrini, mstari kwa mstari, akishuka. Picha zilikuwa mstari wa kumi na moja. Zilikuwa zimekula sehemu moja katika mia.

"Sehemu moja," nilisema. "Moja. Na mtu anaandikishwa kwamba ni mzembe." Nilisimama bila kujua nilikuwa nakwenda wapi, nikaketi tena. "Juu kabisa kuna nini?"

"Kuna kitu kinaitwa mwezi_wa_ziada."

"Kimekula kiasi gani?"

"Tisini na tatu katika mia. Kimeitwa mara milioni tisa na laki saba na ushee."

"Mara milioni tisa? Kwa ukurasa mmoja?"

"Kwa ukurasa mmoja."

"Fungua."

Akafungua faili. Nilisoma haraka, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kushangaa. Kila kaburi lina siku yake ya ibada, na siku hiyo huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, kwa hiyo tovuti hulazimika kuigeuza kuwa tarehe ya kalenda ya ukutani. Kwa siku za kawaida programu ilikuwa inasoma jedwali lililo tayari. Lakini mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi, na kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi mmoja ili mwaka usipotee njia. Mwaka huu ulikuwa umerudiwa mwezi wa sita. Programu ilipotambua kwamba leo tumo ndani ya mwezi wa ziada, iliacha jedwali, ikarudi hadi siku ya kwanza ya mwaka 1900, ikaanza kuhesabu siku moja moja mpaka leo, na katika kila siku ikajiuliza: je, huu ni mwezi wa ziada? Ikimaliza kaburi la kwanza, ilirudi tena mwaka 1900 kwa ajili ya kaburi la pili.

"Mwezi wa ziada ulianza lini?" niliuliza.

"Ijumaa," alisema Se-rin.

Ijumaa. Siku moja baada ya picha zake.

"Ni mjinga gani aliyeandika kitu hiki?" nilisema, na sikusema kwa sauti ndogo. "Huyu ni mtu anayetumwa duka la jirani, na kila akitaka kununua yai moja anarudi kwanza kijijini alikozaliwa. Mayai mia mbili na kumi na mawili, safari mia mbili na kumi na mbili."

Se-rin alikuwa ameweka mikono yake mapajani.

"Dada," alisema. "Panda juu kidogo."

Nikapanda. Juu ya kipande kile palikuwa na mstari wa maelezo ambao programu huuruka na binadamu huusoma. Ulikuwa umeandikwa: *Usiguse. Inafanya kazi. T.Y.J.*

Kikulacho ki nguoni mwako. Tak Yeong-ju.

Nilikumbuka yote mara moja, hata kiti nilichokuwa nimekalia. Ilikuwa miaka tisa nyuma, mchana mmoja kabla ya likizo. Mwenyekiti Eo alikuwa ametuomba kwamba waliokufa katika mwezi wa ziada wasisahaulike, kwa sababu mama yake mwenyewe alifariki katika mwezi kama huo, na kwa watu wa namna hiyo mwezi uleule huweza kupita miaka mingi bila kurudiwa. Niliandika hesabu ile kwa saa mbili. Ushirika ulikuwa na makaburi thelathini na moja tu, ukurasa ukafunguka, nikaandika maelezo yangu, nikaenda likizo. Mara mbili za kwanza mwezi wa ziada ulipokuja makaburi yalikuwa bado machache; mara ya mwisho uliangukia majira ya machipuko, wakati ambapo hakuna mtu anayefyeka, kwa hiyo hakuna aliyeona.

"Wiki yangu ya kwanza nilikuuliza kuhusu hiki kipande," alisema Se-rin. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya adabu, na nilitamani angepiga kelele. "Nilikwambia kinahesabu kwa mzunguko mrefu. Ukasema, 'Binti, hapa hatugeuzi mawe kutafuta nge.'"

Nilishusha macho kwenye herufi zangu tatu.

"Mwezi huohuo nikaweka kipima mwendo, ukanikuta nakijaribu. Ukasema tuna kazi, hatuna muda wa kucheza udaktari."

"Aliyekukataza ni mimi."

"Ni wewe, dada."

"Na Ijumaa ulijua?"

"Nilihisi."

"Kwa nini hukusema asubuhi hii, mbele ya Mkuu?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Niseme kwamba ni wewe? Mimi mwenye siku nne? Bila jedwali, bila kipimo, mtoto wa majaribio dhidi ya mtu wa miaka kumi na minne? Na wewe ndiye uliyekuwa ukinitetea. Wa pekee." Akaigusa kalamu nyeusi bila kuiokota. "Ningebaki na nani?"

Asubuhi nzima nilikuwa nimeibeba hasira yangu kama mtu aliyebeba sufuria ya moto, nikitafuta wa kumwagia. Sasa nilisimama nayo mikononi na hapakuwa na wa kumwagia ila mimi. Nikamwomba aniambie yeye angekirekebisha kipande hicho vipi.

"Hesabu inafanywa mara moja tu kwa mwaka mzima," alisema. "Inawekwa kwenye jedwali. Kila kaburi linasoma hapo. Nusu saa."

"Andika."

Aliandika kwa dakika ishirini na tano. Sikumsaidia, nilisoma tu nyuma yake, kila mstari, na nilipoona amesahau kuuingiza mwaka unaofuata nilimwonyesha. Tulijaribu tarehe sitini dhidi ya kalenda ya karatasi iliyoning'inia jikoni, na zote zikapatana. Akakiendesha tena kipima mwendo. Ukurasa ulifunguka chini ya nusu sekunde, na mwezi_wa_ziada ulikuwa umeshuka hadi mkiani, chini ya picha.

Mkuu Guk alirudi saa saba na nusu kutoka kula tambi baridi za maziwa ya soya, akiwa na kijiti mdomoni. Nilimweleza kwa utaratibu: nini kilipimwa, nini kilionekana, nani alikiandika, nani alikirekebisha. Nilipotaja jina langu hakupepesa hata jicho.

"Imepona?"

"Imepona. Imeshapandishwa."

"Safi. Basi binti amalizie kunakili."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Amalizie nini?"

"Barua. Mwenyekiti anakuja kuchukua barua, haji kuchukua hesabu." Alivuta kiti akaketi, akashusha sauti kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Bi Tak, tuwe watu wazima. Barua ya mtu wa majaribio inaishia kwenye droo. Yako wewe ina cheo. Itapanda. Wataniuliza mimi miaka tisa nilikuwa nakagua nini. Itapanda juu zaidi. Ya nini yote hayo?"

"Hakukosea."

"Alipandisha Alhamisi, tovuti ikafa Ijumaa. Nani ataniuliza zaidi ya hapo?" Akatabasamu. "Isitoshe tumo kwenye mwezi wa ziada. Wazee wanasema ndani yake hata ukiisimamisha maiti kichwa chini, hakuna balaa. Acha lipite."

Se-rin alikuwa hatua tatu kutoka pale. Alisikia kila neno, na Mkuu alijua kwamba anasikia. Hilo ndilo lililonichoma kuliko uongo wenyewe: hakuona haja hata ya kumtoa nje.

Nilikwenda mezani kwa Se-rin nikaichukua ile barua iliyochapwa. Nikachukua karatasi nyeupe. Nikaketi, nikafungua kalamu.

"Unafanya nini?" aliuliza Mkuu Guk.

"Ninanakili polepole, nisikosee herufi."

"Bi Tak."

"Mkuu, ukinisemesha nitakosea, na itabidi nianze upya. Saa tisa iko karibu."

Alisimama juu yangu kwa muda. Alisema kwamba ninaharibu mwaka wangu, na wake, na kwamba watu wa umri wangu hawapati kazi kwingine. Yote hayo yalikuwa kweli. Nilibadilisha jina, nikabadilisha tarehe, na palipoandikwa picha nikaandika hesabu ya mwezi wa ziada. Maneno "kwa uzembe wangu" niliyaacha yalivyokuwa. Yalikuwa mazuri, yalikosa tu mwenyewe. Chini nikaongeza jambo ambalo Mkuu hakulichapa: kwamba mfanyakazi Mo Se-rin aliuliza kuhusu kipande hicho, kisha akajaribu kukipima, na mara zote mbili mimi nilimkataza. Nikatia sahihi, nikaibana kwa stepla pamoja na majedwali mawili ya kipima mwendo, la kabla na la baada.

Mwenyekiti Eo alifika saa tisa kasoro dakika kumi. Ni mtu wa miaka sitini na minane, na alikuja na kofia yake ya kazini, akinukia petroli na nyasi mbichi. Mkuu Guk alimkimbilia mlangoni akiwa ameinama, akaanza kusema kuhusu taarifa za awali na hatua zinazochukuliwa. Nilipita kando yake nikampa mzee ile barua kwa mikono miwili.

Aliisoma akiwa amesimama, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua. Alipofika chini alirudi juu akaisoma tena.

"Hili nilikuomba mimi," alisema. "Miaka tisa iliyopita."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Kwa hiyo aliyeikwamisha tovuti ni mama yangu."

Hakuna aliyejua kama ni ruhusa kucheka.

"Mama hana kosa," nilisema. "Hesabu yangu ndiyo mbaya. Kila kaburi lilikuwa linarudishwa kuanza tangu mwaka 1900."

"Alikuwa hivyohivyo," alisema. "Ukimharakisha kutoka nyumbani, anarudi ndani kuanza upya, mpaka basi linaondoka." Kisha uso wake ukafunga. "Nina vijana kumi na wawili waliokaa siku tatu chini ya mti kwa sababu hakuna aliyeweza kuchagua siku. Nimekasirika na wewe, Bi Tak. Nimekuja hapa na hasira, na sasa angalau najua pa kuiweka. Nani aligundua?"

"Yeye," nilisema. "Na yeye ndiye aliyerekebisha."

Mzee alimtazama Se-rin, kisha Mkuu Guk. "Huyu ndiye uliyenisimulia kwenye simu jana? Mzembe wa picha?"

"Mwenyekiti, hizo zilikuwa taarifa za awali."

"Mke wangu anazipenda hizo picha. Mpaka kaburi la mwisho lifyekwe, mimi nitazungumza na huyu."

"Majaribio yake yanaisha Ijumaa," alisema Mkuu Guk.

"Basi Ijumaa una kazi ya kufanya."

Aliikunja barua yangu mara nne, kama risiti, akaitia mfukoni mwa shati, na Mkuu Guk akamsindikiza hadi kwenye lifti akieleza jambo ambalo hatukulisikia. Nakala nilikuwa nimeshaiweka kwenye faili langu mwenyewe. Nilijua itapanda.

Ofisi ilitulia, likabaki tone la kiyoyozi likianguka kwenye ndoo. Se-rin alikuwa akipanga meza yake. Nilimwendea.

"Nisamehe," nilisema.

"Bado, dada." Alisema bila jeuri, kama mtu anayejibu kwamba chai haijachemka. "Labda baadaye. Leo bado."

"Una haki."

"Ninajua."

Aliichukua ile karatasi aliyokuwa ameinakili nusu, nikanyoosha mkono nikidhani ananipa niichane. Hakunipa.

"Siitupi," alisema. "Tazama nilivyoandika vizuri. Niliogopa hata kukosea."

Nilitazama. Mistari ilikuwa imenyooka tangu mwanzo, hakuna herufi iliyopinda wala iliyorudiwa, mpaka pale penye neno uzembe, ambapo kalamu ilikuwa imetoboa karatasi.